Kamere na Fuo Nyingine: Ni Wapi Panafaa Mbio za Mbao za Kasia?

Matini ya hotuba kwa wakazi wa Kamere na maeneo ya kusini mwa Ziwa Naivasha



Swali lililo mbele ya kikao hiki ni fupi: je, ufuo wa Kamere unafaa kuandaliwa mbio za mbao za kasia? Wapo wanaojibu ndiyo papo hapo. Hao wameona jinsi Naivasha inavyofurika wageni tangu Safari Rally iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana humo tangu 2002, na wanauliza kwa nini ziwa nalo lisipate siku yake. Wapo pia wanaojibu hapana, nao wana sababu moja yenye uzito wa zaidi ya tani moja: kiboko.

Hotuba hii haitangazi mashindano yoyote. Kazi yake ni kulinganisha Kamere na fuo nyingine za Kenya, za majirani na za ng'ambo, ili mkazi atakapoombwa maoni yake ajue anachokubali na anachokataa.

Mchezo wenyewe

Ubao wa kasia ni ubao mrefu na mpana unaoelea. Mchezaji husimama wima juu yake akiwa na kasia moja linalozidi kimo chake, akalipiga upande huu na kisha upande wa pili. Kusimama chomboni si jambo geni Afrika Mashariki. Pwani, mwenye mtumbwi katika maji mafupi husimama na kuusukuma kwa pondo. Hapa jirani, katika Ziwa Baringo, wavuvi wa jamii ya Ilchamus huketi juu ya vyombo vyepesi vya mti wa ambachi na kusukuma maji kwa vibao vidogo vya mkononi. Ubao wa kasia ni ndugu wa vyombo hivyo, ingawa umetengenezwa kiwandani.

Mbao za mashindano ni za vipimo vinavyojulikana. Kubwa ni za futi 14, yaani mita 4.27. Nyingine ni za futi 12 na inchi 6, yaani mita 3.81. Zipo ngumu, na zipo za kujazwa upepo ambazo hukunjwa zikaingia begini na kupakiwa kwenye matatu.

Mbio zenyewe ni za aina tatu. Kuna mbio fupi za mita 200, ambazo huhitaji maji tulivu na mstari ulionyooka. Kuna mbio za kuzunguka maboya, ambazo humpima mchezaji kwa wepesi wa kugeuka. Kuna na mbio za masafa, ambazo huchukua kilomita nyingi na kumpima kwa pumzi na kwa uwezo wa kusoma upepo.

Mchezo huu una mashirikisho mawili ya dunia. Shirikisho la Kimataifa la Kuteleza Mawimbini, ISA, liliandaa ubingwa wake wa kwanza wa dunia nchini Peru mwaka 2012. Shirikisho la Kimataifa la Mitumbwi, ICF, nalo huandaa ubingwa wake. Mwaka 2020 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo yenye makao yake Lausanne, Uswisi, iliamua kwamba ISA ndiyo itakayousimamia mchezo huu katika ngazi ya Olimpiki, huku ICF ikiruhusiwa kuendelea na mashindano yake. Mpaka sasa mchezo haujaingia Olimpiki. Mkazi anayeahidiwa kwamba mbio za Kamere zitampeleka mwanawe Olimpiki anapaswa kulijua hilo.

Vipimo vitano

Ufuo mmoja huweza kuwa mzuri kwa picha na mbaya kwa mbio. Kwa hiyo ulinganisho huu unatumia vipimo vitano. Cha kwanza ni maji: usafi wake, kina chake na utulivu wake. Cha pili ni upepo: unavuma saa ngapi na kuelekea wapi. Cha tatu ni wanyama waliomo majini. Cha nne ni njia, yaani gharama ya kuwafikisha watu na mbao hadi ufuoni. Cha tano ni wenyeji: nani anautumia ufuo huo siku zote, na mbio zitamwachia nini.

Maziwa mengine ya Bonde la Ufa

Kaunti ya Nakuru ina maziwa matatu makubwa yanayojulikana: Nakuru, Elementaita na Naivasha. Mawili ya kwanza ni ya magadi. Ziwa Nakuru limo ndani ya mbuga ya taifa tangu 1968, limezungukwa na uzio, na lipo kwa ajili ya ndege, vifaru na wanyama wengine. Elementaita ni ziwa la maji mafupi, na visiwa vyake ni mahali muhimu ambapo mwari weupe hutagia na kulea makinda. Maziwa hayo mawili, pamoja na Bogoria, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Mbao mia moja zikipita karibu na viota, ndege wazazi huruka na kuyaacha mayai juani. Hapo hakuna cha kujadili zaidi.

Baringo ni ziwa la maji baridi kama Naivasha, na ujuzi wa vyombo upo kwa wenyeji tangu zamani. Hata hivyo Baringo lina viboko na lina mamba pia. Katika maji yenye tope, mchezaji aliyeanguka hawezi kuona kilicho chini yake. Naivasha halina mamba. Kwa kipimo cha tatu, hiyo ni nafuu kubwa, ingawa si nafuu kamili.

Kwa hiyo ndani ya kaunti hii, shindano la majini likifanyika, litafanyika Naivasha. Na katika Naivasha, sehemu kubwa ya ukingo iko nyuma ya uzio wa hoteli, mashamba na makazi ya watu binafsi. Kamere ni mojawapo ya fuo chache ambazo mwananchi huingia bila kumwomba mtu ruhusa.

Ziwa Victoria na Mto Nile

Kisumu ina mengi ambayo Kamere haina. Ina uwanja wa ndege, hoteli nyingi mjini, na wakazi ambao wamekua ndani ya mitumbwi. Ng'ambo ya pili ya ziwa, Buganda ina mashindano ya mitumbwi ya Kabaka, ambapo koo hushindana kwa makasia na umati hujaa ufuoni. Ziwa lenyewe lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800, na mbio za masafa zinaweza kupangwa humo bila kupita mahali pamoja mara mbili.

Ukubwa huo una gharama yake. Dhoruba za Ziwa Victoria hufika ghafla na zimezoea kuwachukua wavuvi wazoefu, sembuse mtu aliyesimama juu ya ubao. Gugumaji husukumwa na upepo hadi ghuba ya Kisumu na kuifunga kwa siku kadhaa, na hakuna mwandaaji anayeweza kupanga tarehe kwa kuliuliza gugumaji. Viboko na mamba wapo. Tena kuna kichocho, ugonjwa unaoingia mwilini kupitia ngozi katika maji yenye konokono wanaoubeba. Mchezo ambao mtu huanguka majini mara kumi kwa asubuhi moja hauwezi kuupuuza ugonjwa huo.

Jinja, nchini Uganda, ni hadithi ya aina nyingine. Mto Nile unapotoka ziwani ulijipatia sifa duniani kwa maporomoko yake, na wapiga kasia wa mitumbwi midogo huendea huko kutoka kila bara. Bwawa la umeme la Bujagali lilipokamilika mwaka 2012, maporomoko ya Bujagali yalizama. Mchezo ulihamia sehemu za chini za mto. Waliokuwa wamejenga biashara zao kando ya maporomoko hayo walijifunza kwamba kiwango cha maji kikibadilika, uwanja hupotea. Watu wa Naivasha wanalielewa somo hilo bila kufundishwa.

Pwani

Mtu akitaka jibu rahisi kuhusu mahali panapofaa zaidi nchini Kenya kwa mbio kubwa za mbao za kasia, jibu ni pwani. Hori la Kilifi ni refu, limekingwa na mawimbi ya bahari kuu, na maji yake ni ya vuguvugu. Hori la Mida karibu na Watamu lina mikoko na maji matulivu. Diani ina mwamba unaoyavunja mawimbi kabla hayajafika ufuoni. Paje, Unguja, ina wangwa mpana ndani ya mwamba, na tayari imezoea wageni wa michezo ya upepo. Kotekote huko hakuna viboko.

Bahari nayo ina saa yake. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua mahali palipokuwa na maji ya shingo asubuhi huweza kuwa mchanga mtupu mchana. Upepo pia una msimu: kaskazi huvuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi karibu Machi, kisha kusi hufuata na huwa na nguvu zaidi katikati ya mwaka. Mwandaaji wa pwani husoma kalenda ya mwezi kabla ya kuchapisha bango.

Lamu inafundisha jambo jingine. Mashindano yake ya majahazi hayakuletwa na mtu kutoka nje. Yalitokana na kazi: nahodha aliyetaka kuonyesha kwamba chombo chake ni chepesi kuliko cha jirani. Ndiyo maana mashindano hayo yanaendelea hata wageni wanapopungua. Mchezo uliokita mizizi katika kazi ya wenyeji hauhitaji mfadhili ili kuishi mwaka unaofuata.

Kwa mkazi wa Nakuru, kasoro ya pwani ni umbali. Kutoka Nakuru hadi Kilifi ni takriban kilomita 700. Kijana wa Kamere anayelipwa kwa siku hawezi kwenda huko kujifunza mchezo, na ubao wa futi 14 haupandi basi kwa bei ya begi. Pwani itabaki kuwa mahali pa mashindano makubwa. Haiwezi kuwa mahali pa kumfundishia mtoto wa Kamere.

Mafunzo kutoka ng'ambo

Kuna mahali pengine ulimwenguni ambapo mchezo huu umestawi, na kila pamoja pana somo lake.

La kwanza ni Hawaii. Mbio za kutoka kisiwa cha Molokai hadi Oahu ni za takriban kilomita 51 kuvuka mlango wa bahari wazi. Huko upepo ni rafiki, kwa kuwa humsukuma mchezaji mgongoni. Hata hivyo kila mchezaji hufuatwa na boti ya kumsindikiza. Wanaofanya mbio ngumu kuliko zote ndio wasiomwacha mtu peke yake majini.

La pili ni Copenhagen, Denmark, iliyopokea ubingwa wa dunia wa ISA mwaka 2017. Sehemu ya mbio ilifanyika bandarini, katikati ya mji. Maji hayo zamani yalikuwa machafu kiasi kwamba hakuna aliyeoga humo. Mji uliyasafisha kwanza, ukafungua mahali pa kuogelea bandarini mwaka 2002, na wageni wa mashindano wakaja miaka kumi na mitano baadaye. Wenyeji ndio waliokuwa wa kwanza kunufaika na maji safi.

La tatu ni Ziwa Balaton, Hungary, lililopokea ubingwa wa ICF mwaka 2021 katika mji wa Balatonfüred. Balaton linafanana na Naivasha kwa jambo moja: ni ziwa la maji mafupi, na katika maji mafupi upepo huinua mawimbi upesi. Wahungari wameweka taa za tahadhari kuzunguka ziwa lao. Taa ikimulika mara 45 kwa dakika, upepo unakuja na watu hawaruhusiwi kwenda mbali na ufuo. Ikimulika mara 90 kwa dakika, kila mtu atoke majini. Mvuvi, mtalii na mtoto wote huelewa lugha hiyo moja.

Kamere yenyewe

Sasa vipimo vile vitano virudishwe nyumbani.

Kuhusu njia, Kamere inashinda fuo nyingi. Kutoka Nairobi hadi mji wa Naivasha ni takriban kilomita 90, kisha Barabara ya Moi South Lake hufika hadi hapa. Lango la mbuga ya Hell's Gate liko karibu. Mgeni anaweza kutoka Nairobi alfajiri na kurudi kwake jioni ileile.

Kuhusu maji, ziwa ni la maji baridi, likilishwa hasa na mito Malewa na Gilgil. Liko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na mpiga kasia kutoka pwani atahisi upungufu wa pumzi katika mita mia za kwanza. Tangu 1995 ziwa hili ni ardhioevu inayotambuliwa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Lakini usafi wa maji mbele ya ufuo ni jambo la kupimwa, si la kukisiwa. Mahali panapopasuliwa samaki, panapofuliwa nguo na penye vyoo vichache kuliko watu, maji yapimwe kabla ya mtu kualikwa kuanguka ndani yake.

Kuhusu upepo, kila mvuvi hapa anajua ratiba. Asubuhi ziwa huwa kama kioo. Kadiri jua linavyopanda, upepo huamka, na alasiri mawimbi hupiga boti hadi abiria akalowa. Kwenye ubao hali ni mbaya zaidi, kwa sababu mwili uliosimama ni tanga. Upepo ukitoka ufuoni kwenda ziwani, mchezaji dhaifu husukumwa mbali bila kutaka, na kadiri anavyochoka ndivyo anavyozidi kwenda.

Kuhusu wanyama, viboko hutoka majini usiku kula nyasi na hurudi kunapokucha. Saa za hatari ufuoni ni giza na alfajiri, anaporudi akakuta mtu kati yake na maji. Mchana hupumzika makundi makundi katika maji mafupi, mara nyingi kando ya mafunjo. Boti ya injini humpa sauti ya kumwonya. Ubao wa kasia haupigi kelele. Humfikia ghafla, na kiboko aliyeshtushwa huinuka. Naivasha imezika watu waliokutana na mnyama huyo, na hakuna familia ya wavuvi inayohitaji kukumbushwa.

Ratiba ya kiboko na ratiba ya upepo zikiwekwa pamoja, dirisha la mbio huonekana. Mtu asiingie majini kabla ya saa mbili asubuhi, viboko wakiwa wamerudi na kutulia, na wa mwisho atoke kabla ya saa tano. Ni saa tatu tu. Mchezaji mzoefu huenda karibu kilomita 8 kwa saa. Anayejifunza huenda karibu 4. Mbio za kilomita 5 zitamchukua mzoefu chini ya dakika 40 na mwanafunzi saa moja na robo, na muda unabaki wa kuwahesabu watu wote. Mbio za kilomita 10 zitamchukua mwanafunzi saa mbili na nusu, yaani karibu dirisha zima, bila nafasi ya dharura. Mbio za kilomita 20 au za kulizunguka ziwa hazipangiki hapa kwa usalama.

Kwa hesabu hiyo Kamere haiwezi kuwa uwanja wa mbio za masafa. Inaweza kuwa uwanja wa mita 200 na wa mzunguko mfupi wa maboya, sambamba na ufuo, mbali na kingo za mafunjo.

Wenyeji na ufuo wao

Kimekaki kipimo cha tano, nacho ndicho kizito.

Saa hizo tatu za asubuhi ambazo mbio zinazihitaji ndizo saa ambazo boti za samaki hurudi, mizani hutoka, na akina mama hununua kambare, tilapia na kapu wa kwenda kukaanga. Mbio zikifunga ufuo asubuhi moja, kuna nyumba ambazo jioni hiyo hazitakuwa na unga. Kwa hiyo yeyote atakayeleta pendekezo lazima aseme mapema: soko la samaki litahamia wapi siku hiyo, na nani atalipa hasara.

Kuna njia ya kupunguza mgongano huo. Ziwa hili limewahi kufungwa kwa uvuvi kwa misimu ili samaki wazaane. Msimu kama huo ukitangazwa, boti hukaa bila kazi na mvuvi hukaa bila kipato. Mbio zikipangwa ndani ya msimu huo, nyavu hazimo majini kunasa mbao, soko halina cha kuhamishwa, na wavuvi wenyewe huweza kuajiriwa kwa boti zao kuwa walinzi wa njia. Hakuna mtaalamu wa kutoka mbali anayejua kundi la viboko limelala wapi asubuhi ya leo kuliko mtu aliyepita hapo jana. Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo, na hapa ndiye ajuaye kiboko alipo. Neno lake likiwa kwamba kundi limeingia katika njia ya mbio, basi siku hiyo hakuna mbio, hata kama mgeni rasmi ameshaketi.

Jambo la pili ni ardhi. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 62, inayaweka maziwa katika ardhi ya umma. Jedwali la Nne linazipa serikali za kaunti kazi za michezo, utalii wa ndani ya kaunti, na bustani, fuo na sehemu za burudani. Ufuo wa Kamere ukipata sifa, thamani ya kila hatua ya ardhi kando yake itapanda. Historia ya fuo nyingi inaonyesha kwamba baada ya sifa huja uzio, na anayebaki nje ya uzio ni yule aliyekuwepo kabla ya sifa. Mipaka ya ufuo wa umma ikiwa haijapimwa na kuwekwa alama zinazoonekana, mbio zitakuwa tangazo la kuuza mali ya wananchi.

Tena mpaka huo hausimami mahali pamoja. Mwaka 2020 na tena 2025 maji ya Naivasha yalipanda na kuingia makazini, Kihoto ikiwa mfano ambao kila mmoja anaukumbuka. Choo, jukwaa au kibanda kitakachojengwa kwa ajili ya mashindano kando kabisa ya maji huenda kikawa makao ya kambare mwaka unaofuata. Kinachojengwa kijengwe juu, na kile cha chini kiwe cha kubebeka.

Jambo la tatu ni watoto. Wengi wa watoto wa Kamere ni wa wazazi waliotoka kaunti za mbali kuja kufanya kazi katika mashamba ya maua. Wanaishi hatua chache kutoka ziwani, lakini hawajui kuogelea. Ziwa kwao ni mahali pa kuteka maji na mahali pa kukatazwa. Mbio zikifanyika na watoto hao wakasimama ufuoni kutazama wageni wakiteleza, watafanya lile ambalo watoto wote hufanya: kesho yake watachukua kipande cha ubao na kujaribu. Mwandaaji ambaye hakuifikiria kesho hiyo hajaifikiria kazi yake.

Yanayopaswa kutangulia

Kutokana na ulinganisho huu, mambo haya yanatangulia mbio, wala hayaji baada yake:

1. Mipaka ya ufuo wa umma ipimwe na kuwekwa alama, ikizingatia maji yanapofika yanapojaa.

2. Maji ya mbele ya ufuo yapimwe, na vyoo na mahali pa kutupa matumbo ya samaki pawekwe mbali na ukingo. Matumbo yakitupwa ufuoni, kongoti hufurahi lakini maji huharibika.

3. Kuwe na tahadhari ya upepo inayoonekana na kila mtu, iwe taa au bendera, kama ilivyo Balaton. Faida yake ya kwanza ni kwa boti za kila siku.

4. Kila anayeingia majini avae jaketi la kuokoa maisha, awe mchezaji, mvuvi au abiria wa boti. Usalama wa vyombo vya majini husimamiwa na Mamlaka ya Safari za Majini ya Kenya, KMA.

5. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na kikundi cha usimamizi wa ufuo wakubaliane kuhusu njia ya mbio na kuhusu nani ana neno la mwisho asubuhi ya mbio. Mkazi ajue pia kwamba Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 ina utaratibu wa fidia kwa aliyeumizwa na mnyamapori. Lakini fidia humlipa aliyebaki, haimrudishi aliyekwenda.

6. Watoto wa shule za karibu wafundishwe kuogelea, kwanza katika bwawa, kabla ya mtu yeyote kupewa kasia.

Jibu la swali

Je, Kamere inafaa? Kwa ubingwa mkubwa wenye mbio za masafa, haifai, na haina haja ya kuona haya. Kilifi, Watamu na Diani ziko tayari zaidi, na Kenya ni moja. Kwa mbio ndogo za asubuhi moja, za mita 200 na za maboya, zenye wachezaji wachache wanaohesabika kwa jina wakiingia na wakitoka, Kamere inaweza kufaa, mradi yale sita yawe yamefanyika. Kwa kufundishia vijana wa Bonde la Ufa mchezo ambao sasa ni wa wenye uwezo wa kwenda pwani, Kamere inafaa kuliko mahali popote katika kaunti hii.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kipimo cha mwisho cha pendekezo lolote litakaloletwa hapa ni nusu ya pili ya methali hiyo. Tazameni orodha ile ya mambo sita kwa mara nyingine. Ikitekelezwa yote, kisha mashindano yakaghairiwa dakika ya mwisho, Kamere bado itabaki na ufuo wenye mipaka, maji safi zaidi, bendera ya upepo, wavuvi wenye majaketi na watoto wanaojua kuelea. Pendekezo lisiloweza kuacha hayo halina sababu ya kupewa hata asubuhi moja ya soko la samaki.